Fizikia ya chukudu: namna ya kutatua maswali ya nguvu na mwendo, hatua kwa hatua

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Goma wanaweza kuandika F = m × a hata wakiamshwa usiku wa manane. Lakini waulize swali hili: chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, imeshashika mwendo kwenye barabara tambarare, msukumaji ameinua mguu, ni nguvu gani inayoipeleka mbele? Wengi watasema, "nguvu ya mwendo wake." Nguvu ya namna hiyo haipo. Kosa hilo moja huharibu hesabu zote zinazofuata, na kukariri fomula hakuliponyi.

Linaloliponya ni desturi moja ya kazi. Kila unapochora mshale wa nguvu, taja ni nani anayesukuma au kuvuta, na ni nani anayesukumwa au kuvutwa. Ukishindwa kumtaja mmoja wao, futa mshale.

Usione haya kama umewahi kujibu kimakosa. Aristotle naye aliamini kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kitu kingine kukisukuma, na fikra hiyo ilitawala kwa karibu miaka 2000, mpaka Galileo alipoanza kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa na kupima muda. Isaac Newton alichapisha sheria zake tatu za mwendo mwaka 1687, na ndizo tunazozitumia hapa.

Nimechagua chukudu kwa sababu haina injini. Nguvu zake zote ziko wazi mbele ya macho: mguu wa msukumaji, barabara, mteremko, breki, mzigo. Na hakuna mtoto wa Goma asiyeijua, iwe ile sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rompwe (mzunguko wa barabara) ya mjini, au zile zinazoshuka kutoka Kibumba zikiwa na viazi, kabichi na magunia ya makala (makaa).

Vitu vya kuandaa

Tafuta daftari, rula, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, ubao mnyoofu wa mita 2, gololi moja ya kioo, sandali moja ya mpira, chupa ya plastiki yenye kifuniko, kamba, na mawe mawili ya volkano yanayokaribiana uzito. Mawe hayo hayanunuliwi. Tangu lava ya tarehe 17 Januari 2002 ipite katikati ya mji, yako hata kwenye kuta za nyumba zetu.

Herufi nitakazotumia ni zilezile za madaftari ya shule: P ni uzito, R ni nguvu ya sakafu au barabara inayobeba kitu, f ni msuguano, m ni masi, a ni mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde), t ni muda.

Hatua ya 1: Weka vipimo sawa kabla ya kugusa fomula

Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Chukudu ikipita mita 90 kwa sekunde 30, kasi yake ya wastani ni mita 3 kwa sekunde. Swali likikupa kilomita kwa saa, gawanya kwa 3,6 upate mita kwa sekunde. Fanya hivyo kwanza, kwenye mstari wake peke yake. Nimeona majibu mengi mazuri yakifa hapa.

Jizoeze kwa mfano unaotuhusu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika kupitia nyufa za mlima kwa muda usiofika saa moja, na kasi inayotajwa kwa lava ile ni hadi kilomita 60 kwa saa. Gawanya kwa 3,6: karibu mita 16,7 kwa sekunde. Mkimbiaji bora duniani wa mita 100 hafikishi mita 13 kwa sekunde, tena kwa nukta chache tu. Hesabu ya mstari mmoja inakueleza kwa nini wakazi wa miteremko ile hawakuwa na njia ya kukimbia.

Kumbuka pia kwamba kasi ina upande. Chukudu inayokata kona bila kupunguza mwendo imebadilisha kasi yake, kwa sababu upande umebadilika. Kwa hiyo kuna nguvu iliyofanya kazi, nayo inatoka barabarani kupitia magurudumu.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja, kitenge na vingine

Swali likitaja chukudu, mtu, gunia na barabara, amua unahesabu nini. Mara nyingi ni rahisi kuchukua chukudu, mtu na mzigo kama kitu kimoja. Kizungushie mstari kwenye mchoro. Kilicho ndani ya mstari ni chako. Kilicho nje kinaweza kukisukuma. Mtu aliyepanda chukudu akivuta usukani kwa mikono, hiyo ni nguvu ya ndani, na haiwezi kuongeza kasi ya kitu kizima. Iache.

Hatua ya 3: Chora mishale, kila mmoja na mwenyewe

Jiulize maswali mawili. Dunia inakivuta kitu hiki? Ndiyo, sikuzote, kuelekea chini: huo ni P. Halafu: ni vitu gani vinavyokigusa? Kila kinachogusa kinaweza kutoa nguvu. Barabara inagusa, kwa hiyo kuna R kuelekea juu na kuna f. Hewa inagusa. Mtu wa nyuma anayesaidia kusukuma anagusa. Basi. Ukimaliza kuhesabu wanaogusa, umemaliza mishale.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Chukudu iko kwenye tambarare, mguu umeinuliwa. Dunia inavuta chini, barabara inabeba juu, na barabara pamoja na hewa vinairudisha nyuma. Hakuna anayeisukuma mbele, kwa hiyo hakuna mshale wa mbele. Inaendelea kwenda kwa sababu ilikuwa inakwenda tayari, na msuguano bado haujaimaliza kasi yake.

Hatua ya 4: Tenganisha masi na uzito

Masi ni kiasi cha kitu chenyewe na hupimwa kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo Dunia inakivutia kitu hicho, na hupimwa kwa newtoni. P = m × g, ambapo g ni newtoni za mvuto kwa kila kilo moja. Hapa Goma, karibu na ikweta na kwenye kimo cha mita 1500 hivi, g ni karibu 9,78. Vitabu huandika 9,8. Katika mwongozo huu natumia 10 ili hesabu ifanyike kichwani. Tofauti ni kama asilimia 2. Kwenye mtihani tumia ile uliyopewa.

Gunia la makala la kilo 60 lina uzito wa newtoni 600. Lipeleke mwezini, ambako g ni karibu 1,6: uzito unakuwa newtoni 96, na kijana mmoja angelinyanyua kwa mkono. Masi inabaki kilo 60 ileile. Ukitaka kulisukuma kwenye magurudumu mpaka lifikie mita 3 kwa sekunde, ukaidi wake kule ni uleule wa hapa. Ukaidi huo ndio inersia.

Kule mwezini, mwaka 1971, mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikagusa ardhi pamoja. Huku kwetu ni hewa inayouchelewesha unyoya. Dunia huvuta kitu kizito kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini kitu hicho ni kikaidi zaidi kwa kiwango kilekile, kwa hiyo mchapuko unatoka sawa.

Hatua ya 5: Jumlisha nguvu, ndipo uandike F = m × a

F katika fomula hii ni jumla ya nguvu zote kwenye mstari wa mwendo, za mbele zikiwa chanya na za nyuma zikiwa hasi. Kuweka nguvu moja tu mahali pa F ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la mwanzo.

Tuchukue chukudu yetu: mbao, mtu na mzigo, jumla kilo 200. Tuseme barabara na magurudumu vinairudisha nyuma kwa newtoni 60. Barabara ni tambarare, kwa hiyo P = 2000 na R = 2000, na zinafutana.

Msukumaji anapata newtoni 100 za kwenda mbele. Jumla ni 100 − 60 = 40. Mchapuko ni 40 ÷ 200 = 0,2. Maana yake kila sekunde inayopita inaongeza kasi kwa mita 0,2 kwa sekunde.

Anapunguza hadi newtoni 60. Jumla ni sifuri. Je, chukudu inasimama? Hapana. Inaendelea kwa kasi ileile iliyokuwa nayo, bila kuongeza wala kupunguza. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Newton, na soma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu mtihani wa taifa unapenda kutega hapo.

Anaacha kabisa, kasi ikiwa mita 3 kwa sekunde. Jumla ni −60, mchapuko ni −0,3. Itasimama baada ya 3 ÷ 0,3 = sekunde 10. Umbali ni kasi ya wastani, 1,5, mara 10: mita 15.

Hatua ya 6: Mteremko

Hapa wanafunzi huogopa kwa sababu ya pembe na sinusi. Kuna njia ya mkato iliyo sahihi kabisa: sehemu ya uzito inayovuta kwenye mteremko ni P mara kimo, gawanya kwa urefu wa mteremko. Barabara inayoshuka mita 1 kwa kila mita 20 unazotembea inavuta kwa P ÷ 20.

Unaweza kupima mteremko wa mtaa wako mwenyewe. Chukua fimbo nyoofu ya mita 1, na chupa iliyojazwa maji karibu yote, ikibaki povu moja la hewa. Laza fimbo kwa kufuata mteremko, chupa ikiwa imelala juu yake na ncha ya juu ikigusa ardhi, kisha inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati ya chupa. Pima nafasi iliyo chini ya ncha uliyoinua. Ikiwa ni sentimita 5, mteremko ni 1 kwa 20. Fanya kazi hii kwenye kichochoro cha mtaani au uwanja wa shule, si kwenye barabara kubwa ambako chukudu na motari (pikipiki za abiria) wanashuka.

Chukudu yetu ya kilo 200 kwenye mteremko huo inavutwa chini kwa 2000 ÷ 20 = newtoni 100. Toa msuguano wa 60, zinabaki 40, mchapuko 0,2. Bila mguu wa mtu yeyote! Baada ya sekunde 10 kasi ni mita 2 kwa sekunde na imepita mita 10, kwa fomula ya umbali = ½ × a × t². Baada ya sekunde 30 kasi ni mita 6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 22 kwa saa, na imepita mita 90. Kasi ikiendelea kukua, hewa nayo inakuwa mpinzani: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka kama mara nne. Ndiyo maana 0,2 haidumu milele.

R kwenye mteremko hupungua kidogo kuliko P. Kwa 1 kwa 20 inashuka kutoka 2000 hadi 1997, kwa hiyo hapa tunaipuuza.

Jaribio la msuguano

Weka sandali juu ya ubao, na jiwe moja juu yake, vikiwa vimefungwa kwa kamba. Inua ncha ya ubao taratibu mpaka sandali ianze kuteleza. Pima kimo cha ncha hiyo. Sasa funga mawe mawili na urudie. Karibu kila mwanafunzi hutabiri kwamba mzigo mkubwa utateleza mapema, au kinyume chake utashikilia zaidi. Kimo kinatoka karibu kilekile. Mzigo ukizidi, mteremko unavuta zaidi, lakini sandali nayo inabanwa zaidi kwenye ubao na msuguano wake wa juu kabisa unaongezeka kwa uwiano uleule.

Kisha lowesha ubao kwa maji na urudie tena. Kimo kitashuka. Mwisho, laza chupa iviringike badala ya kuteleza: inaondoka karibu mara tu unapogusa ubao. Hapo umeona kwa nini fundi wa chukudu anahangaika kutafuta beringi nzuri za magurudumu, na kwa nini huyohuyo anazungushia gurudumu la mti ukanda wa tairi. Ndani ya ekseli anataka msuguano mdogo. Pale gurudumu linapogusa barabara anataka mshiko.

Jaribio la mchapuko

Inua ncha moja ya ubao wa mita 2 kwa sentimita 10. Weka alama kwenye sentimita 50 na kwenye mita 2 kutoka mahali pa kuanzia. Achia gololi bila kuisukuma, pima muda wa kufika kila alama, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Muda wa mita 2 utakuwa kati ya sekunde 3 na 4, na muda wa sentimita 50 utakuwa nusu yake. Muda mara mbili, umbali mara nne. Hiki ndicho Galileo alichokiona.

Ukihesabu mchapuko kutoka kwenye vipimo vyako, utapata karibu 0,35 na si 0,5 kama fomula ya mteremko inavyodai. Hujakosea. Sehemu ya mvuto wa mteremko inatumika kuizungusha gololi, si kuisogeza tu.

Hatua ya 7: Breki, na kwa nini mzigo unaua

Hapa nataka ukae zaidi, kwa sababu hesabu hii inahusu maisha ya vijana tunaowaona kila siku.

Chukudu yetu inashuka kwa mita 6 kwa sekunde, na dereva anataka kupunguza kasi kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Umbali wa kusimama ni kasi × kasi ÷ (2 × mchapuko) = 36 ÷ 2 = mita 18. Breki inahitaji nguvu gani? Jumla inayotakiwa ni 200 × 1 = newtoni 200 kuelekea nyuma. Mteremko unapeleka mbele 100, msuguano wa kawaida unarudisha 60. Breki lazima itoe 200 + 100 − 60 = 240.

Kasi ikiwa mita 12 kwa sekunde, kwa breki hiyohiyo na tukiiacha hewa pembeni: 144 ÷ 2 = mita 72. Kasi mara mbili, umbali mara nne.

Sasa rudisha kasi kwenye mita 6, lakini pakia mpaka jumla ifike kilo 400. Breki ni ileile ya newtoni 240. Mteremko sasa unavuta 200, msuguano unarudisha 120. Jumla ya kurudisha nyuma ni 240 + 120 − 200 = 160. Gawanya kwa 400: mchapuko ni 0,4 tu. Umbali wa kusimama ni 36 ÷ 0,8 = mita 45. Masi ya jumla imeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara mbili na nusu, kwa sababu mzigo umefanya mambo mawili kwa pamoja: umeongeza ukaidi wa chombo, na umeongeza nguvu inayokivuta chini. Breki haikuongezeka kitu.

Na magunia yenyewe? Chukudu ikishikwa breki ghafla, gunia lisilofungwa linaendelea mbele kwa kasi ya zamani. Hakuna aliyelisukuma. Vilevile abiria wa motari anayemgonga dereva mgongoni: hakutupwa mbele, ila pikipiki imepunguza kasi na yeye bado. Usichore mshale wa mbele hapo.

Hatua ya 8: Sheria ya tatu

Msukumaji ameweka goti moja kwenye ubao wa chukudu, mguu mwingine unasukuma ardhi kuelekea nyuma. Ardhi inasukuma mguu kuelekea mbele kwa nguvu sawasawa, na hiyo ndiyo newtoni 100 tuliyoitumia kwenye hatua ya 5. Kwenye matope ardhi haiwezi kurudisha nguvu kubwa, mguu unateleza, na chukudu haiendi.

Swali la mtego: kama nguvu hizi mbili ni sawa na zinapingana, kwa nini hazifutani? Kwa sababu haziko kwenye kitu kimoja. Moja inaipata ardhi, nyingine inampata mtu. Ni nguvu zilizo juu ya kitu kimoja tu zinazojumlishwa. Kwa sababu hiyohiyo P na R si jozi ya sheria ya tatu, ingawa mara nyingi ni sawa: zote mbili ziko juu ya chukudu. Mwenzake P ni nguvu ambayo chukudu inaivutia Dunia kuelekea juu.

Maswali ya kujipima

Swali la 1. Chukudu ya jumla ya kilo 250 inapandishwa mlima wa 1 kwa 25. Msuguano ni newtoni 75. Nguvu gani inatakiwa ili ipande kwa kasi isiyobadilika? Mteremko unarudisha 2500 ÷ 25 = 100, ongeza 75: newtoni 175.

Swali la 2. Pikipiki na watu wake, kilo 250, inakwenda kilomita 36 kwa saa na inasimama ndani ya mita 20 kwenye tambarare. Kasi ni mita 10 kwa sekunde. Mchapuko ni 100 ÷ 40 = 2,5. Jumla ya nguvu za kuirudisha nyuma ni 250 × 2,5 = newtoni 625.

Swali la 3. Chukudu yetu ya kilo 200 inashuka mteremko wa 1 kwa 20 kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde isiyobadilika, na dereva amegusa breki kidogo muda wote. Breki inatoa nguvu gani? Wengi wataanza kutafuta mahali pa kuiweka ile 6. Haina kazi hapa. Kasi haibadiliki, kwa hiyo jumla ni sifuri: 100 za mteremko, toa 60 za msuguano, breki inatoa newtoni 40.